Je, Kitu cha Bure Chaweza Kuleta Faida?

Lau jirani yako angegawa maji ya kisima chake bure kwa kila apitaye, kisha akakushawishi uweke akiba yako katika biashara hiyo, bila shaka ungemwuliza: fedha zitatoka wapi? Swali la namna hiyo liliwagawa wenye mitaji wa Marekani kwa miaka mingi, nao walikuwa wakibishana juu ya kampuni iitwayo Red Hat.

Kila kompyuta huhitaji programu kuu ya kuziongoza programu nyingine, mfano wa afisa wa zamu ampangiaye kila askari lindo lake. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alianza kuandika kiini cha programu kama hiyo, kikaitwa Linux. Watu wote waliruhusiwa kukitumia na kukirekebisha bila malipo. Red Hat, yenye makao yake North Carolina, iliikusanya kazi hiyo ya mikono mingi na kuitengeneza ifae mashirika.

Mwezi wa Agosti 1999 hisa za Red Hat ziliuzwa kwa umma kwa dola 14 kila moja, na siku ya kwanza sokoni zikapita dola 50. Kufikia mwaka 2001 bei ilikuwa imeporomoka vibaya, na walionunua kwa pupa wakaumia.

Wenye shaka walisema kwamba hakuna mwenye akili timamu atakayelipia kitu anachoweza kukipata bure. Wenye imani walijibu kwamba benki hainunui programu tu, bali hununua utulivu wa moyo. Tangu mwaka 2002 kampuni iliegemea hoja hii ya pili: mashirika yalitozwa ada ya kila mwaka, nayo yakapewa marekebisho ya usalama, programu iliyokwisha kujaribiwa, na fundi wa kuulizwa hata usiku wa manane mambo yanapoharibika.

Mabishano hayakukoma. Ada ya mwaka mzima hupokelewa mapema, lakini vitabuni yapasa ihesabiwe kidogo kidogo kadiri huduma inavyotolewa. Mnamo Julai 2004 kampuni ililazimika kusahihisha hesabu zake za miaka mitatu, ikiacha kugawa mapato hayo mwezi kwa mwezi na kuyagawa siku kwa siku. Bei ya hisa ikaanguka. Oktoba 2006 kampuni kubwa ya Oracle ilitangaza kwamba ingewahudumia watumiaji wa programu ya Red Hat kwa bei nafuu zaidi, na kwa siku moja hisa za Red Hat zikapoteza karibu robo ya thamani yake.

Hata hivyo, wateja waliendelea kulipa. Katika mwaka wa hesabu uliokwisha Februari 2012, mapato yalivuka dola bilioni 1; na Julai 2019 kampuni ya IBM ilikamilisha kuinunua Red Hat kwa dola zipatazo bilioni 34.

Habari hii yatuhusu sisi pia. Askari anapostaafu na kupokea kiinua mgongo, wengi humjia na biashara za kila aina, na aghalabu humwonyesha jinsi bei inavyopanda. Bei ya hisa ni maoni ya watu, nayo hugeuka kwa siku moja. Mapato ni fedha iliyotoka mfukoni mwa mteja. Basi kabla ya kutia sahihi, mume na mke waketi pamoja na kuuliza: Ni nani anayelipa? Kwa nini atalipa tena mwakani? Na vitabu vya hesabu viko wapi tuvisome? Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu asikabidhiwe jasho la miaka ya utumishi, kwani mali bila daftari huisha bila habari.