Dawa ya Mota Iliyochoka si Kukaza Vali

Katapila linalochimba vizuri asubuhi na kuishiwa nguvu adhuhuri, mafuta yakiisha kupata moto, huenda lina mota ya haidroliki inayovuja ndani. Ni jambo la kusikitisha kwamba wako mafundi wanaokimbilia kuikaza vali ya usalama ili shinikizo lipande. Sisi hatuafiki desturi hiyo.

Pampu husukuma mafuta hadi kwenye mota, na humo vali ya ugawaji huyapeleka katika vyumba vyake kwa zamu, mota ikazunguka. Vali hiyo ikilika, sehemu ya mafuta hupenya hadi upande wa kurudi bila kufanya kazi yoyote. Mzigo unapozidi, shinikizo hupanda na uvujaji huongezeka. Mafuta ya moto huwa mepesi, yakapenya zaidi. Hatimaye mota husimama. Kukaza vali ya usalama hakuzibi mwanya huo. Huongeza joto na kuhatarisha mipira ya mafuta kupasuka, na mafuta yanayofyatuka kwa nguvu huweza kutoboa ngozi ya binadamu.

Adui mkubwa ni uchafu. Nafasi baina ya vyuma vya vali huweza kuwa chini ya mikroni 10, yaani sehemu 10 za milimita iliyogawanywa mara 1,000. Punje ndogo kiasi hicho haionekani kwa macho. Basi mafuta yanayodhaniwa safi huenda ndiyo msasa unaokula chuma.

Tunashauri mafuta mapya yachujwe kabla ya kutiwa katika tangi, chujio libadilishwe kwa wakati wake, uzito wa mafuta ufuate kitabu cha mtengenezaji, na rejeta isafishwe. Aidha, mavujo yanayorudi kutoka kwenye mota yapimwe na kuandikwa mara kwa mara. Yakiongezeka, fundi atajua mapema kwamba vyuma vimeanza kulika.

Nao wenye winchi wakumbuke kwamba kila mota ya haidroliki huvuja kidogo, hata ikiwa mpya. Mzigo ulioning'inia sharti ushikwe na breki. Kuyategemea mafuta ni kuchezea roho ya aliye chini.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Chujio ni rahisi kuliko mota mpya na siku za kazi zilizopotea. Wakuu wa karakana hawana budi kulisimamia jambo hili wenyewe.