Telefone yako imebakisha miaka ngapi?



Zaidi ya nusu ya kobalti yenye inachimbwa mu dunia inatoka hapa Kongo, mu udongo wa Lualaba na Haut-Katanga. Ile kobalti inaingia mu batri za telefone. Lakini wakati telefone zinarudia kwetu ku soko, mara mingi sehemu kubwa ya maisha yao imekwisha kuliwa. Hatuzungumuzie kioo wala batri. Tunazungumuzia programu yenye iko ndani.

Hakuna programu yenye haina tundu. Mara kwa mara Google inatoa masahihisho ya kuziba tundu zenye zimeonekana mu Android. Njo ile telefone inaita "mise à jour de sécurité". Lakini hayafike kwako moja kwa moja. Fabrika ya telefone inapaswa kuyapatanisha na modeli yako, kisha kuyatuma. Nayo inategemea kampuni yenye ilitengeneza chipi, kama Qualcomm ao MediaTek. Kama mumoja wao ameacha, kwako imeisha. Telefone haizimike: inaita, inapiga picha, inacheza muziki. Lakini tundu zinabakia wazi, na mwizi anazijua juu zimekwisha kutangazwa.

Sasa tusikilizane vizuri hapa, juu njo fasi tunapoteza makuta. Fabrika haihesabu kuanzia siku ulinunua. Inahesabu kuanzia siku modeli ilitoka.

Google iliahidi miaka 7 kwa Pixel 8, yenye ilitoka 2023. Samsung nayo iliahidi miaka 7 kwa Galaxy S24, ya 2024. Mbele ya pale ilikuwa kidogo: Pixel 6 ya 2021 ilipewa miaka 5 ya masahihisho ya usalama. Basi mutu mwenye alinunua Pixel 6 ku mwisho wa 2025, hata kama ilikuwa ingali mu karto, alinunua karibu mwaka mumoja tu. Muuzishaji alimuambia "ni mupya, papa". Karto njo ilikuwa mupya. Upande wa Apple, iPhone 5s ya 2013 ilipata masahihisho hata mu Januari 2023. Lakini telefone za bei ya chini, zile tunanunua sana, mara mingi zinapewa miaka 2 ao 3, na zingine fabrika haisemi kitu.

Hii ni maneno ya mufanyakazi? Ndiyo. Siku ya malipo, wengi wetu tunatumia bibi na wazazi makuta kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Mipango ya mikutano na habari ya aksida zinapita mu grupe za WhatsApp. Mu 2025, WhatsApp iliacha kutumika ku iPhone zenye hazifike iOS 15.1; Android yenye iko chini ya 5.0 ilikuwa imekwisha kuachwa mbele ya pale. Mutu wa telefone ya vile alitoka mu grupe bila mutu kumufukuza.

Fanyeni hivi. Ingia mu "Paramètres", kisha "À propos du téléphone", kisha "Version Android". Angalia tarehe ya "mise à jour de sécurité". Kama imepita mwaka muzima bila kusogea, na ukitafuta mise à jour haipate kitu, ujue fabrika karibu imekuacha. Usiitupe. Itumikishe kwa kupiga na kwa ile namba ya nyota na dièse ya kutuma makuta, yenye haina lazima ya intaneti. Lakini utoe programu ya banki, usifungue lien yenye huijui, usipokee programu kutoka kwa rafiki kwa Bluetooth. Na mbele ya kununua, uliza jina kamili ya modeli, utafute mwaka ilitoka, utoe hesabu wewe mwenyewe. Telefone ya dola 80 yenye imebakisha miaka 4 ni bei nafuu kupita ya dola 60 yenye imebakisha miezi 6.

Ulaya wamekwisha kuweka sheria. Tangu tarehe 20 Juni 2025, Umoja wa Ulaya unaomba fabrika zisiache masahihisho mbele ya miaka 5 kupita tangu siku ile modeli imeacha kuuzishwa. Angalieni tofauti: kule hesabu inaanza ku mwisho wa kuuzisha, haianze siku modeli ilitoka. Mutu mwenye ananunua nyuma ya wengine hapotezi.

Sisi watu wa sendika tunaomba mambo mbili. Ya kwanza, wauzishaji waandike ku fakture mwaka modeli ilitoka, haiwalipishe kitu. Ya pili, kampuni yenye inatuma buletini ya malipo ao programu ya kazi kwa telefone iache pia karatasi ku mulango wa biro. Mufanyakazi asikose haki yake juu fabrika ya mbali imechoka na telefone yake.

Leo magaribi, nyumba kwa nyumba, angalieni ile tarehe. Wenye hawajue kusoma, mutoto wa masomo awasaidie.