Kuuza Kiwanja cha Mwenzio

Mtu akinunua kiwanja Kadutu au Ibanda, mjini Bukavu, kisha mwenye mali akajitokeza na kumfukuza, majirani humlaumu mnunuzi kwanza: mbona hakuuliza? Sheria ya Kongo haianzi na swali hilo, na naona ina haki. Kifungu cha 98 cha kanuni ya adhabu ya 1940 kinamfunga miezi 3 hadi miaka 5 anayejipatia mali ya watu kwa jina la uongo, cheo cha uongo au hila. Ili iwe hila, uongo wa mdomo peke yake hautoshi. Kifungu cha 96 hakidai hila yoyote. Ukiuza au kuweka rehani nyumba unayojua si yako, umeshakosa, awe mnunuzi ni mwerevu au mzembe.

Kwa Bukavu jambo hili ni zito. Tangu sheria ya Julai 1973 udongo wote ni wa Leta, yaani serikali, na haki ya raia juu yake husimama kwa cheti cha usajili. Lakini wengi huuziana kwa karatasi iliyoandikwa mbele ya mashahidi na kusainiwa na shefu wa avenyu. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba fedha zilitolewa; kwamba muuzaji alikuwa na kitu cha kuuza, haisemi. Vita vya tangu 1996 vilipowasukuma mjini watu wa Walungu, Kabare na Shabunda, vilima vikajaa nyumba, komisioneri, yaani dalali, akapata kazi, na kiwanja kimoja kikaweza kuuzwa mara 2, kila mnunuzi akiwa na mashahidi wake. Mara nyingine muuzaji ni ndugu wa damu, anayeuza nyumba ya marehemu baba huku warithi wenzake wako Kinshasa.

Watu husema: mnunuzi aende ofisi ya hati za ardhi kabla ya kulipa. Ni kweli, aende. Ila kiwanja ambacho hakijawahi kusajiliwa hakina faili la kufunguliwa huko, na kukosekana kwa faili hakumsafishi muuzaji. Tena kuna hatari kubwa zaidi: cheti kikishatolewa, hata kwa mnunuzi wa pili, baada ya miaka 2 hakipingiki tena. Kwa hiyo vikao vya familia vya kusuluhisha mgogoro, vinavyoahirishwa mwezi hadi mwezi, kwa nia njema kabisa, humfaa muuzaji. Muda huo ukipita, aliyenyang'anywa hubaki na haki ya kudai fidia tu, na anayedaiwa ameshazila fedha.