Je, Wajua? Beseni la Kuogea Halikuinuliwa kwa Urembo

Katika mabafu mengi ya Uingereza, chini ya bomba la mvua huwa kuna beseni la kusimamia. La zamani mara nyingi limeinuliwa, na ukingo wake huwasumbua wazee na wenye maumivu ya magoti. Ndiyo maana wengi hulibadilisha kwa beseni fupi, lenye kimo cha milimita 40 hivi.

Lakini kimo cha beseni la zamani kina kazi: kinaficha mabomba. Chini ya beseni kuna kipande cha bomba kilichopinda, ambacho hubaki na maji ili kuzuia harufu ya maji taka. Mwongozo wa ujenzi wa England unataka maji hayo kwa kawaida yawe na kina cha milimita 50, na bomba la kutoa maji lenye kipenyo cha milimita 40 lishuke angalau milimita 18 kwa kila mita.

Beseni likishushwa, mabomba nayo hushushwa: sakafu ya mbao hufunguliwa, ya zege huchimbwa. Boriti zisikatwe ovyo, kwani ndizo zinazobeba sakafu. Nafasi ikikosekana, hufungwa pampu ya kusukuma maji machafu.

Kabla ya kununua beseni jipya, mwite fundi bomba apime nafasi iliyopo chini ya sakafu.