Sumaku za kupimia misuli: Nyanda za Juu Kusini zinunue kwa hesabu

Mashine mpya ya MRI yenye nguvu ya tesla 1.5, ile iliyozoeleka katika hospitali kubwa, huuzwa kwa bei inayokaribia dola milioni moja za Marekani, na mara nyingi huzidi hapo. Sumaku yake peke yake ina uzito wa tani kadhaa. Ikiletwa Mbeya kwa barabara kutoka bandari ya Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita 800 na kupandishwa Mlima Kitonga kabla ya kufika Iringa. Hata hivyo, bei na usafiri ni mwanzo tu wa gharama. Mkataba wa matengenezo wa mwaka mmoja mara nyingi hukaribia sehemu ya kumi ya bei ya mashine, na hulipwa hata mwaka ambao wagonjwa wamekuwa wachache.

Katika ukanda wa Nyanda za Juu Kusini, soko la vifaa hivi limebebwa na hospitali. Mkopo wa Sh1.3 trilioni ambao Serikali iliupata kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 2021 ulisaidia kununua mashine za CT-Scan na MRI nchini. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, tegemeo la mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, Ruvuma, Rukwa na Katavi, sasa inatoa kipimo cha MRI. Kwa mgonjwa wa Iringa, Mbeya ni mwendo wa kilomita 330 hivi. Ni mbali, lakini ni afadhali kuliko safari ya Muhimbili.

Wauzaji wakubwa duniani wanahesabika: Siemens Healthineers, GE HealthCare, Philips, Canon na United Imaging ya China. Upande wa maabara za utafiti, jina kubwa ni Bruker. Agilent nayo ilikuwemo baada ya kuinunua Varian mwaka 2010, lakini mwaka 2014 ikatangaza kuachana na biashara hiyo. Kifaa cha aina hii hukaa kazini miaka kumi au zaidi, kwa hiyo mnunuzi anapaswa kumpima muuzaji kwa uhakika wa vipuri na mafundi kabla ya kuvutiwa na punguzo la bei.

Thamani ya kifaa inaonekana vizuri kwenye msuli. Karibu robo tatu ya msuli ni maji, na maji yana haidrojeni. Sumaku huzipanga chembe za haidrojeni, wimbi la redio huzitikisa, kisha mtambo hupima muda zinaochukua kutulia. Mwaka 1974 watafiti wa Oxford walitumia njia hiyo kwenye fosforasi, wakasoma akiba ya nishati ndani ya msuli mzima wa panya bila kuusaga. Mwaka 1981 njia hiyohiyo ilitumika kwa mgonjwa wa McArdle, ambaye misuli yake hushindwa kuvunja akiba ya sukari. Mtambo ulionyesha kwamba msuli wake haukutengeneza asidi alipoufanyisha kazi, tofauti na msuli wa mtu mzima wa afya.

Watafiti wa Nyanda za Juu Kusini wana maswali yao ya kuuliza kwa vifaa hivi. Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kimejenga jina kwa tafiti za kifua kikuu na virusi vya Ukimwi, magonjwa yanayomkondesha mgonjwa na kumla misuli. Uyole kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI), katika nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30.

Kwa kupima nyama ya ng'ombe hao haihitajiki mashine ya dola milioni. Kipo kifaa cha mezani chenye sumaku ya kudumu, kisichohitaji heliamu. Kipande kidogo cha mnofu huwekwa ndani ya kijaribio cha kioo na kuingizwa kwenye tundu la sumaku. Baada ya dakika chache mchoro unaonyesha makundi ya maji: yaliyoshikwa ndani ya nyuzi za msuli hutulia kwa takriban milisekunde 40, na yaliyolegea kati ya nyuzi huchukua zaidi ya milisekunde 100. Nyama yenye maji mengi yaliyolegea itachuruzika buchani na kupungua uzito njiani. Hiyo ni hasara ambayo mwenye machinjio anaweza kuipigia hesabu ya shilingi.

Mashine kubwa inadai zaidi. Nyaya za sumaku yake hupitisha umeme bila kizuizi zikiwa kwenye nyuzi joto 269 chini ya sifuri, na kinachozipoza ni heliamu ya kimiminika. Mashine nyingi za zamani hubeba lita zaidi ya 1,000. Umeme ukikatika muda mrefu, mtambo wa kupoza husimama na heliamu huanza kuchemka. Teknolojia mpya imelipunguza tatizo hili: mwaka 2018 Philips ilileta sumaku iliyofungwa yenye lita saba tu.

Heliamu yenyewe iko jirani. Mwaka 2016 wanasayansi wa Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza hazina kubwa katika bonde la Rukwa. Mwaka 2024 kisima cha Itumbula, mkoani Songwe, kilitoa gesi yenye karibu asilimia 5 ya heliamu, kiwango cha juu kibiashara. Sheria ya Madini inaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika miradi ya namna hii. Lakini gesi ya kisimani lazima isafishwe na kugeuzwa kimiminika, na mitambo ya kazi hiyo ni ghali. Hospitali ya Mbeya isipange bajeti yake kwa kutegemea kisima.

Mfano wa kufuata uko Uganda. Mwaka 2022, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kikishirikiana na wataalamu wa Uholanzi na Marekani, kiliunganisha mashine ya MRI ya sumaku ndogo za kudumu kwa siku 11. Nguvu yake ni takriban tesla 0.05 na picha zake haziwezi kushindana na za tesla 1.5. Faida yake ni kwamba waliouunganisha mtambo wanaujua ndani nje.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) kina wahandisi wanaoweza kuifanya kazi hiyo. Kwa hiyo kianzie kwenye kifaa cha mezani, kwa ushirikiano na Uyole pamoja na wenye machinjio wa Mbeya na Iringa, ili wanafunzi wajifunze sumaku kwenye kazi inayolipa. Na kila zabuni ya MRI ya umma iweke sharti kwamba wahandisi wetu wa vifaa tiba wafundishwe hadi wapewe idhini ya kufungua na kutengeneza, vipuri viwe na muda maalumu wa kufika, na saa za jioni zitengwe kwa utafiti. Muuzaji asiyekubali masharti hayo asipewe mkataba.