Maoni 14 Niliyoyakimbia

Wanachuo wenzangu wa kompyuta, leo naungama. Mwaka wa pili nilituma marekebisho yangu ya kwanza kwenye programu huria, kifurushi kidogo cha Python cha kusoma majedwali. Mistari 30 tu, lakini chumba kizima cha hosteli kilipewa taarifa. Kulipokucha nikakuta mkaguzi ameacha maoni 14, kwa Kiingereza kikavu, hata salamu hakuna. La kwanza liliuliza: faili likiwa tupu itakuwaje? Nikafunga laptopu. Niliporudi baada ya wiki tatu, mtu mwingine alishalitatua tatizo lile na ombi langu lilikuwa limefungwa.

Kosa langu ni kwamba niliyasoma maoni kama matokeo ya mtihani: kasoro 14, umefeli. Kumbe mtihani ukisahihishwa umeisha, ila huku maoni yakija ndiyo kazi inaanza. Na kukosa salamu si dharau. Mkaguzi mara nyingi anajitolea tu, na akipokea msimbo wako, yeye ndiye atakayeutunza wewe ukishahitimu.

Tena maswali yale yana sababu. Chukua OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani. Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu nchini Ujerumani aliichangia kipengele kipya. Mkaguzi akakipitia, akakipitisha. Wote wawili hawakuona kwamba programu inaamini urefu wa ujumbe uliotajwa na mtumaji bila kuuhakiki. Toleo lenye kasoro likatoka Machi 2012. Ilipotangazwa Aprili 2014 kwa jina la Heartbleed, dunia ikajua kwamba ombi moja liliweza kuchota hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva, na humo nywila zinaweza kuwemo. Swali lililokosekana ni hili: urefu ukiwa wa uongo itakuwaje? Ni ndugu wa swali nililolikimbia mimi.

Sasa, maoni yakija, fanya hivi.

Kwanza, yasome yote kabla ya kujibu hata moja. Utakuta mengine ni makosa ya kweli, mengine maswali, mengine mtindo wa uandishi, mengine ladha ya mkaguzi tu. Anza na makosa.

Pili, jibu kila moja. "Nimerekebisha, na nimeongeza jaribio la faili tupu" inatosha. Ukirekebisha kimyakimya, unamwachia mwenzio kazi ya kutafuta ulichobadilisha.

Tatu, hujaelewa? Uliza. Kuuliza si ujinga. Kubadilisha msimbo kwa kubahatisha ndiyo balaa.

Nne, kukataa ni ruksa, ila kwa ushahidi. "Mbona kwangu inafanya kazi" si ushahidi. Andika jaribio, au pima kasi uonyeshe namba.

Tano, peleka marekebisho kwenye tawi lilelile. Ukifungua ombi jipya, mazungumzo yote yanabaki nyuma. Endesha majaribio kwenye mashine yako kabla ya kutuma, na kosa lingine utakaloliona pembeni lifungulie ombi lake.

Na UE zikikubana, sema tu: "Nina mitihani, nitarudi baada ya wiki mbili." Wakaguzi wengi watakuelewa. Kinachoua ombi ni kimya.

Muhula huu nimetuma tena, kifurushi kilekile. Yamekuja maoni tisa. Manane nikayakubali. Moja nikaligomea, nikakaa usiku kuandika jaribio la kumwonyesha mkaguzi kwamba amekosea. Jaribio likafeli mbele ya macho yangu. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Nimemwandikia hivyohivyo, nimerekebisha, na sasa nasubiri. Safari hii laptopu iko wazi.