Njia ya Hospitali Isifungwe

Kama usiku huu mke wako akizaa na damu ikakataa kusimama, utafanya nini? Utasema, "Nitampeleka hospitali." Ni vizuri. Lakini utapita njia gani? Na kama njia ile imefungwa, utapita wapi?

Fikiri neno hili. Mwanamke anayetokwa na damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa kwa muda wa saa 2 tu. Munganga anayo dawa, lakini dawa iko hospitali na mama yuko nyumbani. Katikati yao kuna barabara. Kwa hiyo kutunza barabara ni kazi ya afya. Mji ni kama mwili, na barabara ni mishipa yake ya damu. Mshipa ukizibwa, kiungo kilicho mbele yake kinakufa.

Watu wa Goma wanajua jambo hili. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Lava, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto, ilishuka ndani ya mji ikafika mpaka ziwa Kivu. Iliukata mji vipande viwili, ikafunika na sehemu ya kiwanja cha ndege. Tena tarehe 22 Mei 2021 lava ilifunika barabara ya Rutshuru. Watu kadhaa walijaribu kuvuka juu yake kabla haijapoa, wakafa kwa hewa yake mbaya. Tarehe 27 Mei serikali iliamuru kartiye 10 za mji zihame. Watu wengi sana walifuata njia moja ya Sake, wenye magari, wenye pikipiki na wenye mizigo kichwani. Katika msongamano wa namna hii, ambulansi ipite wapi?

Ni vigumu sana kuzuia lava. Basi mji kama huu unahitaji njia zaidi ya moja. Unahitaji pia dawa na wakunga pande zote za mji, si katika hospitali kubwa peke yake.

Lakini katika miji mingi adui wa barabara si moto, ni maji. Kule Kinshasa, tarehe 13 Desemba 2022, mvua kubwa iliua watu zaidi ya 100, na barabara kubwa ya Matadi ikakatika huko Mont-Ngafula.

Maji yanaharibu barabara kwa namna gani? Yasipopata mfereji, yanapita juu ya njia na kuingia chini yake. Udongo unalainika. Gari zito likipita, njia inatitia. Mvua nyingine inachimba shimo, na shimo linakuwa korongo. Na ni nini kilichoziba mfereji? Mara nyingi ni chupa na mifuko ya plastiki tuliyotupa sisi wenyewe.

Basi fanya hivi:

1. Usitupe takataka katika mfereji. Wewe na jirani zako uzibueni kabla ya majira ya mvua.

2. Usijenge juu ya mfereji, wala usiweke meza ya kuuzia vitu ndani ya njia. Acha nafasi gari la wagonjwa lipite.

3. Panda majani yenye mizizi mirefu kwenye mteremko ulio kando ya njia. Usichimbe mchanga karibu na daraja.

4. Tafuta njia mbili za kwenda hospitali. Uzipite mchana, uwaonyeshe watu wa nyumbani mwako.

5. Kartiye yenu iwe na kipoyi, na watu 4 waliokubali kubeba mgonjwa gari likishindwa.

6. Mama aliyekaribia kuzaa asingoje mvua ikate njia. Aende mapema akae karibu na hospitali.

7. Mkiamriwa kuhama, shikeni upande mmoja wa barabara, ili ambulansi ipate kupita. Usikanyage lava, hata ukiiona nyeusi juu.

Madaraja na makalvati makubwa ni kazi ya serikali na mafundi wake. Lakini wakuu wa kartiye wanaweza kuwaendea na kuwaomba watengeneze kwanza njia ya hospitali, kabla ya njia nyingine.

Leo jioni toka nje, utazame mfereji ulio mbele ya nyumba yako. Je, maji yanapita?